Dakika Nne za Msiba

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie machache ya kazini, hasa ninyi mlioikuta ofisi ina kompyuta. Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza niliishia kwenye kisa kile kile, nikaogopa, nikafunga daftari. Sasa nimeamua kukiandika hicho hicho. Vyeo vyangu vimo kwenye jalada langu, na kama jalada limepotea, basi hamjakosa kitu.

Nilipoajiriwa, kazi kubwa ya ofisi yetu ya utamaduni ilikuwa kuzungusha gari la sinema mashuleni na vijijini. Kabla filamu haijatoka ofisini ilibidi itazamwe na kutolewa hukumu: ipite, ikatwe, au ikataliwe. Mkuu wetu ndiye aliyetia sahihi, lakini watazamaji tulikuwa wawili, mimi na fundi wa projekta, Bwana Salehe wa Mwembesongo. Yeye alikuwa Mluguru wa milimani aliyeshuka mjini ujanani. Mimi nimezaliwa hapa hapa mjini, lakini wazazi wangu walikuja na kazi ya reli kutoka Tabora, na milima nilikuwa naitazama tu kila asubuhi nikipiga mswaki.

Siku ya kwanza nilifika na tai na daftari jipya. Bwana Salehe alinitazama tai, akaniambia nikanawe mikono. Nilipomaliza akaninusa vidole, akanirudisha nikanawe tena. Mafuta ya maandazi, alisema, hula mkanda kuliko panya. Ndipo akanipa glovu nyeupe za pamba, akaniketisha kando ya projekta, na asubuhi nzima hakunionyesha picha yoyote. Alitaka nisikilize. Mkanda ukipita vizuri hulia kama cherehani, sauti moja bila kupumzika, na sauti ikibadilika uzime mashine kabla hujajua kwa nini. Mpaka leo nikiisikia cherehani mtaani hugeuza shingo.

Kuunga mkanda ndiko kulikonitesa. Unakata, unakwangua utando kwa wembe bila kuitoboa plastiki, unapaka gundi tone moja, unabana, unahesabu mpaka thelathini. Gundi tulinunua kwa mpiga picha mmoja wa Kihindi pale mjini, naye hakutuuzia chupa mpya mpaka tumrudishie tupu. Mwezi wangu wa kwanza niliunga kipande kichwa chini miguu juu, na bwana shamba akatembea shambani kwa kichwa mbele ya ofisi nzima. Mkuu wetu alitazama mpaka mwisho, akauliza kama huo ndio mtindo mpya.

Bwana Salehe alikuwa na sharti moja ambalo mimi nililiona la uvivu. Mara ya kwanza filamu itazamwe mikono ikiwa mitupu, bila fomu, bila kalamu. Mara ya pili ndipo uchukue fomu. Nilimwambia kwamba tunapoteza mchana mzima kwa kila filamu. Akasema kama nina haraka niende nikauze vitumbua.

Mwaka wangu wa tatu ikaletwa filamu iliyotokana na riwaya ambayo sitaitaja jina. Aliyesoma shule enzi zetu ataijua kwa mjomba anayekufa sura ya tisa. Inahusu familia ya milimani, ambako watoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye neno juu ya shamba. Mjomba anakufa bila kusema shamba amemwachia nani, na mpwa wake, msichana aliyerudi kutoka mjini, anabaki kati ya ndugu wanaogombana. Filamu ilikuwa imepigwa huku huku Uluguru miaka kama minane nyuma, na wengi waliomo walikuwa wanakijiji wenyewe. Tuliletewa sisi kwanza kwa sababu ilitakiwa ipelekwe kwenye shule zilizokuwa zikiisoma riwaya hiyo kwa mtihani.

Mkuu aliniita, akasema kazi hii ni yako, wewe ndiye uliyeisoma. Ni kweli nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeisoma mara saba, na kurasa nyingine nilikuwa nazo kichwani. Pale mjomba anapozikwa mwandishi anasema maneno sita tu: Walimzika mchana. Hakuna hata mmoja aliyesema. Mistari hiyo ilikuwa imeulizwa kwenye mitihani ya shule karibu zote, na mimi mwenyewe niliwahi kupata alama zote kwa kueleza kimya kile kina maana gani. Mtu akipata alama zote kwa jambo huanza kuona kwamba jambo hilo ni lake.

Tulitazamia stoo, madirisha tukiwa tumeyaziba kwa mablanketi. Bwana Salehe aliketi mikono mitupu. Mimi niliketi na riwaya mapajani, tochi ndogo mkono mmoja, penseli mkono mwingine, na kila tukio lililopita nilitia alama ukurasani. Nilikuwa najiona mtu makini sana. Nilikamata makosa mengi, mengine ya kweli: mpwa anasema kama mtangazaji wa redio hata anapolia, na kuna siku anashuka kwa miguu kupitia Bigwa kisha anaonekana anaingia mjini akitokea Msamvu, upande wa pili wa mji, njia ambayo hata mlevi haipiti. Hayo niliyaandika kwa raha.

Kisha tukafika sura ya tisa. Watu wameketi chini uani, maiti iko ndani, kimya, sawasawa na kitabu. Halafu upande wa jikoni akaingia mwanamke amevaa kanzu ya marehemu, kofia ya marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anatembea kama alivyokuwa akitembea yeye, bega la kushoto limeshuka. Akaanza kuwagombeza wafiwa kwa sauti ya mjomba, akauliza nani amekula muhogo wake, akataka aletewe kiti. Watu wakacheka, na katika kucheka wakalia kwa sauti. Ilikuwa dakika nne. Nilifunua kurasa mbele na nyuma nikitafuta tukio hilo, na nilipoinua macho wanaume walikuwa tayari wamebeba jeneza.

Kwenye fomu niliandika kwamba tukio halimo kitabuni, linapingana na maneno ya mwandishi, na mwanafunzi atakayejibu mtihani kwa kufuata filamu atakosa alama. Hukumu: dakika nne zikatwe. Mkuu alitia sahihi siku ile ile, akanisifu kwamba nimefanya kazi ya kisomi.

Bwana Salehe aliisoma fomu taratibu, akaiweka mezani.

“Msiba huo umeutazama,” aliniuliza, “au umeusoma?”

Nilimjibu kwamba wale ni watani, nawajua, na utani una mahali pake. Utani niliokuwa naujua ulikuwa wa ofisini na sokoni, wa kuitana majina na kuibiana karanga. Hakubishana. Alisema mkasi uko mezani, na kwamba yeye leo mkono unamuuma. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi hiyo ndiyo siku pekee mkono wake uliuma. Nikakata mimi. Nilitafuta picha ya kwanza ya tukio na picha ya mwisho, nikakata hapa, nikakata pale, nikaunga, nikahesabu mpaka thelathini. Kipande nilikitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jina la filamu na tarehe. Utaratibu ulikuwa kwamba vipande vikae mwaka mmoja, kama kuna mtu ana malalamiko, kisha vichomwe.

Miezi michache baadaye tuliipeleka filamu kwenye shule moja huko huko milimani, katika kijiji ilikopigwa. Kule juu tulikuwa tunaonyesha alasiri, darasani, madirisha tukiyaziba kwa mablanketi, kwa sababu watu wanapanda milima mikali kurudi makwao na baridi haina urafiki. Darasa lilijaa mpaka mlangoni. Walikuwa wanaitana majina kila sura ya mtu inapotokea, wanacheka, na waliomo wengine walikuwa wamekufa tangu wakati ule, hao wanapoonekana watu wananyamaza kidogo kisha wanasema Mungu amrehemu. Sijawahi kuwa na watazamaji kama wale. Ilipofika sura ya tisa, watu wameketi uani, mara jeneza limebebwa. Darasa likatulia vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa mbele aliinuka, akashika fimbo yake, akatoka. Wakafuata wengine, bila fujo. Filamu iliisha tukiwa na watoto wa shule peke yao.

Nilimkuta yule mzee nje, nikamwamkia, nikamwuliza tumekosa nini. Alinieleza, tena bila hasira. Siku ile ya kupiga picha mwongozaji alitaka wakae kimya, ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi zake. Wao walikataa. Walisema kuzika bila mtani, hata kwa kuigiza, ni kumwita mtu wa kweli afe. Walibishana asubuhi nzima, mpaka Bi Tatu, ambaye ukoo wake ulikuwa watani wa ukoo wa yule mzee aliyeigiza mjomba, akaenda mwenyewe akaomba kanzu, akaingia. Hakuna aliyemfundisha la kusema. Mpiga picha aliiacha kamera iende, na mwongozaji alipoona watu wanalia machozi ya kweli aliziweka pembeni karatasi zake.

Nikiwa bado nimesimama, akaja msichana wa kama miaka kumi na tisa, Zainabu, akaniamkia. Alisema Bi Tatu ni mama yake, na alifariki miaka miwili baada ya filamu kupigwa. Hakuwahi kupigwa picha nyingine. Zainabu alikuwa ametembea kutoka kijiji cha pili ili amwone mama yake. Akaniuliza kama kuna mkanda mwingine uliobaki garini.

Nilimwambia mkanda uliharibika njiani.

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka mtu hulitetea. Alinishukuru, akaondoka. Ndani ya gari, tulipofika tambarare, Bwana Salehe akasema bahasha bado iko kwenye droo. Nilijua anamaanisha nini. Nusu saa ya kazi, gundi na wembe, na msiba ungerudi mahali pake. Nilimjibu kwamba hukumu imeshatiwa sahihi, itabidi kuandika barua mpya, kueleza kwa nini, na mkuu atauliza nani alikosea. Akasema sawa. Mwaka ulipotimia nilitoa bahasha zote kwenye droo nikazichoma nyuma ya ofisi, zikiwa ishirini na kitu, na ile sikuitenga. Mkanda wa filamu ukiungua hujikunja kwanza kabla haujashika moto. Nilisimama hapo mpaka ukaisha.

Baada ya hapo zilikuja video, kisha mabanda ya video, kisha sahani za DVD, kisha hizo flashi mnazozitia mfukoni pamoja na funguo. Gari la sinema lilikufa injini likageuka banda la kuku wa mlinzi. Nilikagua filamu za ngumi mpaka nikaota nakagua ngumi. Nilikataa chache, nyingi nilizipitisha, na baadhi ya nilizopitisha zilistahili kukataliwa kwa ubaya wa uigizaji peke yake, lakini fomu haina sehemu ya hilo.

Bwana Salehe alistaafu, na miaka kadhaa baadaye akafariki. Tulikwenda kumzika kwao milimani. Tumeketi uani, mimi nimeinama, nikaona miguu inanijia. Niliinua macho nikamwona mwanamume mmoja, mtani wake, amevaa miwani ya Bwana Salehe na glovu zake nyeupe, amekunja mgongo kama yeye. Alinisimamia, akanishika mkono, akauvuta puani, akaunusa. Kisha akasema kwa sauti ya puani ya marehemu, “Nenda kanawe.” Watu wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikashindwa kuvuta pumzi, kisha nikalia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu nimzike baba yangu. Bwana Salehe alikuwa amekufa, na kwa dakika ile alikuwa amekuja kuniaga. Nikiwa nalia hivyo ndipo nilipoelewa nilichokikata. Nilikuwa nimekwisha fanya kazi miaka kumi na tisa.

Sasa nije kwenye mwaka wangu wa mwisho. Walimu wa Kiswahili wa shule kadhaa waliomba ile filamu ya zamani, kwa kuwa riwaya imerudi kusomwa. Nakala ya pili, iliyokuwa Dar, ilikuwa imeoza, mkebe ukifunguliwa unanuka siki. Yetu ilikuwa imesalimika kwa sababu hakuna aliyewahi kuiomba. Kijana wenu mmoja aliihamishia kwenye kompyuta kwa subira kubwa, na nampa heshima yake. Ikaonyeshwa asubuhi kwenye ukumbi mmoja Kihonda, wanafunzi wamejaa, na baada yake pakawa na jopo la kuihukumu: je, filamu hii inaistahili riwaya? Mimi niliwekwa kuwa wa mwisho kusema, kama mzee wa kazi.

Niliitazama mikono ikiwa mitupu. Miaka thelathini na zaidi, na ndiyo mara ya kwanza niliiona. Yule mpwa wa sauti ya redio bado alinikera, na safari ya Msamvu ilichekesha ukumbi mzima. Lakini kuna mahali mjomba anamega udongo wa shamba, anauweka mkononi mwa mpwa wake na kumfumba vidole, hasemi kitu. Riwaya imetumia kurasa tatu kusema jambo hilo na haijalifikia. Kuna nyuso za wazee pale ambazo hakuna mwandishi angeweza kuzibuni. Nikawa naona aibu kwamba niliwahi kuwa na filamu hii mezani nami nikatazama vidole vyangu vikifunua kurasa.

Mwalimu Rehema, binti mkali na msomaji mzuri, alizungumza kabla yangu. Alisema filamu inakwenda vizuri mpaka msibani, hapo inaanguka. Watu wameketi, mara jeneza limebebwa, hakuna uchungu, hakuna hata kile kimya cha riwaya. Kwa maoni yake mwongozaji aliuogopa msiba, akauruka, na kuanzia hapo hatuwezi kuamini tena kwamba ndugu hao wanamlilia mtu. Wanafunzi walipiga makofi. Alikuwa na haki kwa kila neno, ila kwa jina la mkosaji. Mwongozaji alishafariki na hakuwepo wa kumtetea.

Kipaza sauti kikaletwa kwangu. Ilitosha niseme sentensi moja tu, kwamba aliyekata ni mimi. Nilisema nakubaliana na Mwalimu.

Watu walipokuwa wakitoka, mwanamke wa makamo aliyefunga kilemba cha kijani alinisogelea, akanisalimu, “Shikamoo, kaka.” Sikumtambua mpaka alipotaja jina la mama yake. Zainabu sasa anakaa Bigwa, ana bustani ya mboga chini ya mlima na wajukuu wawili. Mjukuu mmoja alimwambia shuleni kwao wataonyeshwa filamu ya zamani ya Uluguru, akaja naye. Alikuwa amekaa safu ya mwisho. Alisema ameona mkanda huu haukuharibika mahali pengine popote, ni pale tu. Hakunilaumu. Aliniuliza kama ofisini hakuna hata kipande, kwa sababu ameanza kuisahau sura ya mama yake, na ndugu zake wadogo hawakuwahi kuijua. Nikamwambia nitatafuta.

Nilitafuta wiki nzima. Nilipekua stoo, makabati, mpaka dari, nikijua fika kwamba hakuna kitu, kwa sababu mimi ndiye niliyekichoma. Nadhani nilitaka nichoke ili nikienda kwake niwe angalau nimechoka. Siku ya nane nilipanda Bigwa. Alikuwa anapalilia mchicha. Alinitolea kigoda uani, akaketi kwenye mkeka, akasubiri.

Nilimweleza yote kwa mpangilio kama nilivyowaeleza ninyi: riwaya mapajani, fomu, mkasi, bahasha. Nikamwambia kwamba siku ile darasani mkanda haukuwa umeharibika, ulikuwa kwenye droo mjini, na ningeweza kuurudisha, na nikaona tabu ya barua. Nikamwambia na moto. Alisikiliza huku akichambua majani ya mchicha aliokuwa ameung'oa, na hakuinua macho. Nilipomaliza nikasimama niondoke.

“Kaa,” alisema. “Siwezi kukwambia yameisha, kwa sababu hayajaisha. Lakini wewe ulikuwa na mama yangu mkononi. Hakuna mtu mwingine aliye hai aliyemshika. Niambie ulichokiona.”

Ikabidi nimwambie na hili, ambalo lilikuwa gumu kuliko yote. Stoo nilikuwa nimeinamia kitabu, na mkata mkanda hatazami katikati. Anatafuta picha ya kwanza na picha ya mwisho, basi. Ya kwanza naikumbuka: anatokea upande wa jikoni, mguu wa kulia umetangulia, bega la kushoto limeshuka. Zainabu akasema hilo ni bega la mjomba, anamwiga, mama yake alikuwa ananyooka kama mti. Akaniuliza ya mwisho.

Ya mwisho naikumbuka kuliko zote, nilimwambia, kwa sababu ilikuwa na kosa, na kosa nililiandika kwenye bahasha. Amemaliza kuigiza, amevua kofia, amejinyoosha, anaelekea kutoka. Kisha anageuza uso na kutazama moja kwa moja kwenye kamera. Mwigizaji hatakiwi kufanya hivyo. Picha hiyo niliizungushia duara kwa penseli nyekundu, na kwenye bahasha nikaandika kwamba huyu hajui kazi.

Zainabu aliacha kuchambua mboga.

“Kulia kwa kamera au kushoto?”

Nikafikiri. Nikafumba macho ili nisimdanganye tena. Kushoto kidogo, nilisema, na chini, kama mtu anayetazama kitu kifupi.

Aliweka mchicha chini. Alisema siku ile alikuwa amesimama pembeni ya mpiga picha, kushoto, ana miaka kumi, amembeba mdogo wake mgongoni, na mtoto alikuwa ameanza kulia. Mama yake alikuwa amemwahidi kwamba akimaliza tu atakuja kumpokea mtoto.

“Alikuwa ananitazama mimi,” alisema.